Swali la lugha: Theluji ikiyeyuka, ni masika?

SWALI: Ninawasomea watoto vitabu vya picha kuhusu yale majira ambayo theluji huyeyuka, miti ikarudisha majani na ndege wakajenga viota. Mimi husema "majira ya kuchipua". Mwenzangu anasisitiza kuwa hayo ni "masika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, ingawa mwenzako hakukurupuka. Masika ni msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, na kaskazini mwa dunia majira ya kuchipua huhesabiwa kuanza karibu na tarehe 20 Machi. Kalenda zimekutana, na majina yakachanganyika. Lakini masika ni neno la mvua. Mtoto anayelijua kwa matope na vyura ataitazama picha yako ya theluji akuulize mvua iko wapi, na atakuwa na haki. Tena kitabu kikitoka Australia, ambako majira hayo huanza Septemba, utawaambia nini? Masika ya Septemba?

Angalia tulivyofanya na kipupwe. Kwetu hiyo ni baridi ya Juni hadi Agosti, lakini hatusiti kulitumia kwa majira ya baridi ya Ulaya, yanayoanza Desemba. Miezi haipatani hata kidogo, ila baridi ni baridi. Neno limehama kwa kufuata hali ya hewa, si tarehe. Masika halina hata hiyo nafuu. (Kwa sababu hiyohiyo, majani yanapodondoka mimi hupenda "majira ya mapukutiko" kuliko "vuli", japo vuli limeshazoeleka na sitagombana na mtu.)

"Majira ya machipuko" nayo ni sawa, chagua linalokaa vizuri mdomoni. Chunga tu upatanisho: majira yamefika, msimu umefika. "Majira imefika" nimeiona hata kwenye vitabu vilivyochapishwa, na watoto hushika wanachosikia.

Ukifika kwenye kurasa zenyewe, usiliachie "chipua" kazi yote. Mbegu huchipua, na mti huchipua majani. Ua ambalo halijafunguka ni tumba, na likifunguka limechanua. "Maua yamechipua" si kosa la kufungwa jela, lakini linampokonya mtoto neno tumba, na tumba ndilo analoweza kulionyesha kwa kidole pichani, akafungua ukurasa unaofuata kuona kama limechanua. Theluji na barafu pia zitenge: theluji huanguka kutoka angani, barafu ni maji yaliyoganda, kama yale ya ziwani. Zote mbili huyeyuka.

Na ndege? Mama huatamia mayai. Kifaranga akitoka, ameanguliwa. "Amezaliwa" mwachie mwanakondoo wa ukurasa wa pili.