Wasomaji wanauliza: Tangazo limetoka, maji ya nyumbani tuyatibu vipi?

Mtaani kwetu Sakina tumetangaziwa tusinywe maji ya bomba bila kuyatibu, kwa sababu mvua imeingiza uchafu. Nachemsha dakika 20, maana nasikia Arusha maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pia meno ya binti yangu mkubwa yana rangi ya kahawia, na mdogo wake ana miaka minne. Je, nikichemsha sana floraidi itaisha?
Mama wa wawili, Arusha

Haiishi, mama. Inaongezeka. Floraidi ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na madini hayaondoki na mvuke. Chukua lita 10 zenye miligramu 2 za floraidi kwa lita. Ukizichemsha mpaka zibaki lita 8, kila lita sasa ina miligramu 2.5. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo dakika zako 20 zinamaliza gesi na kumzidishia mtoto madini.

Uliyosikia kuhusu mwinuko ni kweli nusu. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na maji hutokota karibu na nyuzi 95 badala ya 100. Lakini vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hufa kwenye joto la chini ya hapo. Subiri mapovu makubwa yapande sufuria nzima, hesabu dakika moja, zima, funika. Mvuke tu, au vipovu vidogo vya pembeni, bado si kuchemka. Dakika tatu ni za walioko juu ya mita 2,000.

Kwa hiyo una matatizo mawili, na dawa zake ni mbili. Tangazo linahusu vimelea: hilo ni la moto au klorini, na ni la leo. Floraidi, inayotia meno rangi ya kahawia, ni ya miaka. Huyo wa miaka minne ndiye wa kuwahi, kwa kuwa meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi sasa hivi. Ya dada yake yakishatoka na madoa, hakuna maji yatakayoyarudisha. Kinachonasa floraidi ni mkaa wa mifupa, ule uliofanyiwa kazi miaka mingi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mkaa wa miti, wa kupikia, haunasi floraidi. Tunasema hivi kwa sababu wapo wanaoujaza kwenye ndoo na kuamini wamemaliza. Mkaa wa mifupa nao huchoka, na ukichoka ladha ya maji haibadiliki hata kidogo, hivyo ni lazima maji yapimwe mara kwa mara. Tena hauui vimelea. Pitisha maji kwenye mkaa kwanza, halafu ndipo uchemshe.

Usipokuwa nao, kinga maji ya mvua kwa ajili ya uji na kunywa kwa mtoto: yana floraidi kidogo sana. Mwaga ya mwanzo yanayosafisha bati, na yaliyobaki uyachemshe kama ya bomba. Na magadi unayotia kwenye makande au maharage, yapunguze au uyaache kabisa. Magadi ya huku yanaweza kubeba floraidi nyingi kuliko maji yenyewe.

Vidonge vya WaterGuard vimeisha dukani. Naweza kutumia jiki? Kiasi gani kwa ndoo?
Fundi, Ngarenaro

Unaweza, ikiwa ni jiki isiyo na manukato wala rangi. Soma nguvu yake kwenye chupa. Ikiwa asilimia 3.5, ndoo ya lita 20 ya maji maangavu inahitaji mililita 1.2 hivi. Nunua bomba la sindano duka la dawa upime nalo, kizibo hakipimi. Koroga, funika, subiri dakika 30. Ukifungua unatakiwa usikie harufu ya klorini kwa mbali. Usipoisikia, rudia kipimo kilekile na usubiri tena dakika 30.

Maji ya tope ndipo wengi wanapokosea. Tope hula klorini kabla haijafika kwa vimelea. Yaache yatuame usiku kucha, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha tia kipimo maradufu. Usitie jiki wala kidonge kwenye maji ya moto: klorini hupotea hewani. Chupa iliyokaa juani miezi kadhaa nayo imeshapoteza nguvu.

Ukimaliza, weka maji kwenye ndoo yenye koki. Kikombe kinachozamishwa na kila mkono hurudisha vimelea vilevile ulivyoviua.

Nina filta ya mishumaa ya udongo. Si inatosha?
Msomaji, Usa River

Wakati wa tangazo, hapana. Mshumaa mzima hukamata bakteria, ila virusi ni vidogo na hupenya, floraidi pia. Chuja, kisha chemsha au tia klorini. Mshumaa wenye ufa hata wa unywele, tupa.

Tangazo likiondolewa, simtanki la lita 1,000 nilisafishe vipi?
Mwenye nyumba, Pasua, Moshi

Toa maji yote, sugua kuta na sakafu, suuza tope litoke. Lijaze, tia lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5, kisha fungua bomba moja moja ndani ya nyumba mpaka kila moja linuke klorini. Funga, acha saa 12, na mtu yeyote asitumie maji hayo. Baadaye yamwage mbali na migomba na bwawa la samaki, ujaze upya, na ufungulie mabomba mpaka harufu kali iishe. Barafu iliyogandishwa siku za tangazo, mwaga pia.