Wapima wapya, anzeni na ramani ya Mesilla

Wadogo zangu mnaoanza kupima njia za reli, kila anayekuja kujifunza kwangu namwanzishia mpaka wa Marekani na Meksiko. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliamini ramani ya zamani, sikwenda kutafuta mawe ya mpaka porini, tukarudia upimaji mzima. Tangu hapo kisa hiki kimekaa moyoni mwangu.

Mkataba wa 1848 uliomaliza vita vya nchi hizo mbili ulitegemea ramani ya Disturnell, mchapishaji wa New York. Ramani hiyo iliuweka mji wa El Paso zaidi ya kilomita 50 kaskazini ya ulipo, na zaidi ya kilomita 150 mashariki. Makamishna wa mpaka, Bartlett wa Marekani na García Conde wa Meksiko, wakapatana: bonde la Mesilla, karibu na El Paso, libaki Meksiko, migodi ya shaba ya Santa Rita iende Marekani. Mpima rasmi wa Marekani, Andrew Gray, alipofika 1851 akakataa kutia saini, akasema mstari ule unatoa ardhi nzuri ya kupitisha reli. Akaondolewa kazini.

Hapo huwa nawasimamisha vijana kwa muda mrefu. Gray alikuwa ameijua ardhi. Kaskazini, kando ya mto Gila, ni milima na makorongo. Ardhi tambarare, ambayo kichwa cha treni kinaipanda bila shida, iko kusini. Ndiyo Marekani iliyokuja kuinunua. James Gadsden, mjumbe wa Marekani aliyewahi kuongoza kampuni ya reli, alitia saini mkataba wa ununuzi na serikali ya Santa Anna, rais wa Meksiko, tarehe 30 Desemba 1853. Seneti ya Marekani ikapunguza bei kutoka dola milioni 15 hadi 10, na ardhi pia; zikabaki kilomita za mraba kama 76,800.

Someni kifungu cha malipo. Milioni 7 zililipwa kwanza, 3 zikashikiliwa hadi mpaka upimwe na kuwekewa alama. Emory, kamishna wa mpaka wa Marekani, akaimaliza kazi hiyo 1855. Reli yenyewe ilifika Tucson, mji ulio ndani ya ardhi hiyo, 1880, kwa hiyo msivunjike moyo njia yenu ikikaa miaka bila mataruma.

Na mkitembea kwenye mstari, ulizeni kisima ni cha nani, kaburi ni la nani. Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa ardhi hiyo, hawakuulizwa na upande wowote. Mpaka ulikata ardhi yao, na hadi leo jamaa zao wako pande zote mbili.