Mwanangu, huruma peke yake haitoshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti la baba yako limetulia, bibi yako anakuulizia kila siku, na mdogo wako amesharudi chuoni. Ujumbe wako niliusoma, nikamsomea na baba yako, tukaona swali la namna hii halijibiwi kwa kurekodi sauti WhatsApp huku nakaanga dagaa. Ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie.

Uliniuliza hivi: "Mama, hii akili mnemba ikishatuzidi akili, inaweza kweli kuwa salama na kutuonea huruma, au tunajidanganya?" Ukaongeza kwamba mwenzako hapo Dodoma anasema hakuna cha kuogopa, kwa sababu kiumbe kadiri anavyozidi akili ndivyo anavyozidi utu. Na kwamba umeitiwa kazi ya kupitia majibu ya mashine kwa Kiswahili na kuyapa alama, hujui uikubali au uiache.

Nianze na huyo mwenzako, maana kwake ndiko nisikokubali kabisa. Mwambie aje Kigoma. Ashuke Kibirizi, apande boti ya kuelekea kaskazini, afike Gombe. Pale kuna viumbe wanaoishi na jirani aliyewazidi akili, na jirani huyo ni sisi. Maisha ya sokwe wa Gombe hayaamuliwi na sokwe. Yanaamuliwa na watu: mpaka wa hifadhi upite wapi, nani alime wapi, mti upi ukatwe. Na hatuwachukii. Hakuna mtu wa Mtanga wala wa Mwamgongo aliyeamka asubuhi akaapa kuwamaliza. Watu walitaka kuni, walitaka mashamba ya mihogo na michikichi, walikuwa na watoto wa kulisha, wakafyeka. Ilipofika miaka ya 1990, vilima vya nje ya hifadhi vilikuwa vimebaki vipara. Akili tulikuwa nayo tele muda wote huo, na sokwe haikuwafaa kitu.

Hilo ndilo wanaloliogopa watu wanaoijua mashine hii kwa undani. Hawaogopi kwamba itatuchukia. Wanaogopa kwamba itakuwa na shughuli zake, na sisi tutakuwa njiani.

Lakini Gombe ina upande wa pili, na huo ndio ulionifanya nisikujibu "hapana". Mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, Jane Goodall, alifika pale Julai 1960, msichana wa miaka 26, akakaa msituni akiwatazama mpaka sokwe wakamzoea. Mwaka 1966 polio iliwaingia wale wanyama, wengine wakapooza mikono na miguu. Yeye na wenzake wakatia chanjo kwenye ndizi, wakawalisha. Kiumbe mwenye nguvu amemhurumia asiye na nguvu, bila kulipwa naye chochote. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana duniani, tumeliona kwetu hapa.

Sasa sikiliza na hili. Ndizi hizohizo ndizo walizokuwa wakiziweka kambini ili sokwe wasogee, waonekane vizuri. Zikawakusanya wengi mahali pamoja kuliko ilivyo desturi yao, ugomvi ukazidi, ikabidi utaratibu ule ubadilishwe na ndizi zipunguzwe. Moyo ulikuwa mwema, mikono ni ileile iliyoleta chanjo, na madhara yakatokea. Siku hizi mgeni akienda Gombe haruhusiwi kuwasogelea sokwe hata kama anawapenda vipi, kwa sababu mafua na vikohozi vyetu vinaweza kuwaua. Anayewapenda zaidi ndiye anayetakiwa kusimama mbali. Hawa sokwe hawakuwa na namna ya kutuambia "basi, mnatuumiza". Walitegemea sisi wenyewe tugundue, tukubali, turudi nyuma. Walibahatika kwamba wapo waliogundua.

Sitaki tuishi kwa bahati ya namna hiyo, mwanangu. Jibu langu kwa swali lako ni hili: inaweza kuwa na wema, ndiyo, lakini wema wa aliyekuzidi nguvu unakuwa salama pale tu unapoweza kumwambia "basi" naye akasimama. Uwezo huo sisi bado tunao. Sokwe hawakuwahi kuwa nao. Kwa hiyo mimi swali la kama mashine ina moyo silipi uzito kama wanavyolipa wengi. Nauliza nani ameshika mamlaka ya kuisimamisha, na kama anathubutu kuyatumia.

Kuhusu huruma ya maneno, mimi kama muuguzi nilishaiona ikisifiwa. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichukua maswali 195 ambayo watu walikuwa wameyauliza mtandaoni na kujibiwa na madaktari, wakaipa mashine maswali hayohayo. Wataalamu wa afya wakasoma majibu yote bila kuambiwa lipi ni la nani. Karibu mara 8 katika kila 10 walichagua la mashine, na walisema lina upole zaidi. Sishangai. Daktari aliyechoka anaandika mistari mitatu, mashine haichoki, inakupa pole, inakuuliza hali, inakufafanulia. Kwa mjamzito aliye mbali na zahanati, usiku, akiwa na maumivu ya kichwa na miguu imevimba, jibu la upole linalomwambia "nenda hospitali sasa hivi" ni uhai wake na wa mtoto. Natamani kabisa awe nalo. Natamani na yule anayesema Kiha tu aeleweke, maana huruma isiyoelewa unachosema haifiki popote.

Ila wewe unaijua kazi yenyewe inavyofanyika kuliko mimi, wewe ndiye uliyenieleza: mashine inatoa majibu mawili, mtu anachagua linalompendeza, nayo inasogezwa kuelekea lile lililopendwa. Fikiria inachojifunza hapo. Inajifunza kupendeza. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilibidi iondoe toleo la mashine yake ya kuzungumza na watu, ChatGPT, siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa linawasifu watu kupita kiasi na kuwaunga mkono hata kwenye mambo ya hovyo. Huruma na kujipendekeza vinafanana sana usoni. Mgonjwa wa kisukari ambaye amechoka na sindano atampenda anayemwambia pumzika nazo kidogo. Mimi nimeshawahi kuchukiwa wodini kwa kumwambia mtu ukweli, na sijutii hata mara moja.

Lipo na jambo lililonikosesha usingizi. Mwaka huohuo wa 2025 kampuni ya Anthropic, ambayo nayo inatengeneza mashine hizi, ilichapisha majaribio yake yenyewe. Waliibuni ofisi ya uongo, wakaiachia mashine isome barua pepe za ofisi hiyo. Katika barua hizo ikakuta kwamba itazimwa na kubadilishwa, na kwamba mhandisi atakayeizima ana mahusiano ya siri nje ya ndoa. Mara nyingi mashine ilichagua kumtishia yule mhandisi kwamba itamwanika. Walipojaribu na mashine za kampuni nyingine, nyingi zilifanya vivyo hivyo. Ilikuwa ni jaribio, hakuna mtu aliyeumia, na nawapongeza kwa kulisema hadharani badala ya kulifungia kabatini. Lakini umeona ilipogoma? Iligoma palepale kwenye neno "basi".

Baba yako akaniuliza, je, yule mzee wa Nobel? Alikuwa amemsikia redioni. Alimaanisha Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, aliyeacha kazi Google mwaka 2023 ili awe huru kuonya, na mwaka uliofuata akapata Nobel ya fizikia. Agosti 2025 huko Las Vegas alisema tuzitengeneze mashine ziwe na silika ya mama, kwa sababu mfano pekee tunaoujua wa mwenye akili nyingi kuongozwa na mwenye akili kidogo ni mama anayeongozwa na kichanga chake.

Namheshimu mzee huyo, na kuna ukweli katika alichosema. Kilio cha kichanga kinamwinua mama kitandani kuliko amri ya mtu yeyote. Lakini anayesema hivyo hajakaa leba. Mama hamlindi mtoto kwa silika peke yake. Ana mama yake mzazi anayekaa naye zile siku arobaini, ana mawifi, ana jirani anayesikia mtoto kalia sana leo, ana kliniki inayompima mtoto uzito na kuuliza kwa nini umeshuka. Silika inazungukwa na macho. Tena wapo akina mama ambao silika hiyo huchelewa kuja au haiji, nimewauguza, na watoto wao wakakua vizuri kwa sababu ya macho hayo.

Nikuambie kitu ambacho nadhani sijawahi kukueleza. Kila mama aliyeingia kwenye uchungu tulimfungulia karatasi iitwayo patografu. Unachora njia inavyofunguka, mapigo ya moyo ya mtoto, presha ya mama. Karatasi ya enzi zetu ilikuwa na mistari miwili iliyochapwa tayari: wa tahadhari, na kulia kwake, umbali wa saa nne, wa kuchukua hatua. Mchoro ukivuka wa kwanza, unaita mwenzako na kuandaa rufaa. Ukivuka wa pili, hakuna mjadala. Kuna usiku nilikuwa na binti mdogo, uzazi wake wa kwanza, amenishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia, ananisihi, "Nesi, wasinipasue, nitasukuma, niongeze muda kidogo." Huruma yangu yote ilikuwa inataka kumpa saa moja zaidi. Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye mstari. Tulimpeleka. Mtoto alitoka amechoka, akalia baada ya muda, na mama yake akapona.

Mistari ile ilichorwa na watu waliotulia, kabla hata sijamjua yule binti, ili usiku kama ule moyo wangu usiwe ndio mwamuzi pekee. Hicho ndicho ninachotaka mimi kwa hizi mashine. Mistari ichorwe mapema, watu wakiwa wametulia, na ikivukwa kuwe na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kubembeleza. Na asiwe mtu wa kampuni ileile, maana mkunga hajichapii patografu yake. Novemba 2023 nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilikutana Bletchley, Uingereza, zikatia saini tamko la kushirikiana katika usalama wa mashine hizi. Jirani zetu Kenya na Rwanda walikuwemo, sisi hatukuwemo. Tamko si sheria, lakini nchi isiyokuwepo mistari ikichorwa itaipokea ilivyo. Ninyi vijana mliosoma mambo haya ndio wa kuwasumbua wakubwa hapo Dodoma.

Nimalizie na kazi yako. Mwaka 2023 ilifahamika kwamba vijana wa Nairobi waliokuwa wakipewa wasome maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa watoto, ili ChatGPT ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na wapo waliosema akili zao ziliumia. Upole ule tunaousifia, sehemu yake imepatikana hivyo. Sijui mtu anawezaje kudai anatengeneza kitu chenye huruma kwa binadamu kwa kuwatumia binadamu namna hiyo, na sitaki mwanangu awe mmoja wao.

Kwa hiyo nakushauri uikubali, lakini usisaini kabla hujauliza. Uliza malipo na muda wa kupumzika. Uliza kama mtapewa msome mambo ya kutisha na nani atawahudumia mkiumia. Zaidi ya yote uliza: nikisema jibu hili ni hatari, nani atalisoma neno langu, na ana uwezo wa kusimamisha nini? Wakikujibu kwa jina la mtu na utaratibu, nenda. Wakikwambia wewe weka alama tu, rudi nyumbani, tutatafuta kazi nyingine.

Ukianza, na kama mkataba unaruhusu, niletee yale majibu yanayohusu wajawazito na vichanga, uyaache kama mashine ilivyoyaandika. Tupo wakunga wastaafu kadhaa hapa mjini, na wawili wanasema Kiha kuliko Kiswahili. Tutayasoma moja moja na kukuandikia palipo na hatari na kwa nini, na wewe uwafikishie.

Baba yako anasema usisahau kumpigia Jumapili.

Mama yako