Noah yako: taa ya ABS baada ya kubadilisha beringi

Mkuu, kama taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) imewaka baada tu ya fundi kubadilisha beringi ya tairi la mbele, na pedeli ya breki inatetemeka ukikaribia kusimama kwenye foleni ya Ubungo, usikimbilie Kariakoo kununua sensa. Huenda sensa yenyewe ni nzima.

Beringi nyingi za siku hizi zina ukanda wa sumaku upande mmoja, na sensa husoma mzunguko wa tairi kutoka hapo. Fundi akiipachika kinyume, tairi litazunguka vizuri tu, ila sensa haioni kitu. Ukanda ulio na kutu au ufa nao huleta mchezo huohuo: mwendo ukishuka, usomaji unakatika, kompyuta inadhani tairi limejifunga, inaachia breki. Ndiyo huo mtetemo. Mwulize ukanda aliuelekeza wapi, na kabla ya kupachika beringi tena, ijaribu kwa kipande kidogo cha pini: upande wenye sumaku unanasa.

Angalia pia waya wa sensa nyuma ya shokapu. Wengi wakifungua huuacha unaning'inia mpaka tairi linausaga.

Gereji yenye mashine ya kupima itakuonyesha kasi ya kila tairi. Linalosoma sifuri gari likitembea ndilo lenye shida.

ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, ila epuka kukanyaga ghafla kwenye mvua. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, paki, cheki mafuta ya breki, mwite fundi aje gari lilipo.