240Z ya Ujiji: lala chini yake kwanza

Mkuu, umeuliza kama ununue hiyo Datsun 240Z, gari ya michezo ya zamani, iliyolala chini ya mwembe huko Ujiji: usiitolee hela kabla hujaingia uvunguni na bisibisi. Kutu ya boneti na milango isikutishe, hivyo vinafunguliwa na kubadilishwa. Shida ni kwamba gari hii haina chesisi (fremu ya chuma ya chini) ya peke yake kama Land Rover za zamani. Bodi ndiyo inabeba kila kitu. Kwa hiyo chokoa zile reli mbili (vyuma virefu vya kubeba uzito) za chini ya sakafu, vizingiti vya milango, na bati la chini ya betri ambapo asidi hula taratibu. Bisibisi ikizama kwenye reli, hapo unanunua spea, si gari. Kisha inyanyue jeki upande mmoja: mlango ukigoma kufunga, bodi imeshalegea. Mimi nachomelea bodi hapa Mwanga, na kazi ya reli huwa inameza hela kuliko injini. Injini ile ya silinda sita ya lita 2.4 ni imara, na ndiyo iliyobeba ushindi wa mashindano ya Safari Rally 1971 na 1973. Ila namba ya chesisi, ambayo hapa imegongwa kwenye bodi, isipolingana na kadi ya gari, achana nayo hata kama haina kutu.