Usikate masafa ya chini kabla hujahifadhi mawimbi ghafi

Mdogo wangu wa Mbarara, acha. Usibonyeze kitu usiku huu.

Unasema kigunduzi chenu cha jemaniamu, kile cha kupima mionzi ya gama, kinapoozwa kwa kompresa badala ya naitrojeni, kilele cha risasi-210 (risasi yenye mionzi) pale kwenye nishati ya 46.5 keV kimevimba kwa sababu ya mtetemo, na sasa unataka chujio la kutupa kila kilicho chini ya kilohezi 5. Kilohezi 5 zile zile! Nimesoma nikaona kama umefungua droo yangu ya aibu.

Mimi nilikuwa napima udongo wa vilima vya Osukuru, kule Tororo kwenye fosfati. Injinia wa waliotuuzia mashine akaniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Weka chujio la kilohezi 5, na kirejesha msingi kizime, hukihitaji tena." Hicho kirejesha ndicho kinachorudisha mstari wa sifuri mahali pake. Nikatii. Kilele cha ameriki-241, pale 59.5 keV, kikakonda kutoka upana wa keV 1.9 hadi 1.1. Nilifurahi nikawanunulia ofisi nzima roleksi, zile chapati za kukunja na mayai. Za mayai mawili.

Sasa sikia kilichotokea. Mpigo, yaani ishara ya umeme ya kila mnururisho, kutoka kwenye priampu yangu (kikuza ishara cha kwanza) unashuka taratibu, kama maikrosekunde 50 hivi. Chujio la kilohezi 5 lina muda wake wa maikrosekunde 32. Kwa hiyo halili mtetemo peke yake, linakula na mkia wa mpigo, kisha linaacha shimo chini ya mstari wa msingi. Mpigo unaofuata ukitua ndani ya shimo, unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Ukipima udongo, mipigo kumi kwa sekunde, nani atatua shimoni? Karibu hakuna. Lakini mimi nilisawazisha mizani ya nishati kwa kobalti-60 yenye nguvu, mipigo 5,000 kwa sekunde, yaani mmoja kila maikrosekunde 200 kwa wastani. Ilikuwa ikitua mashimoni mmoja baada ya mwingine, na msingi wote ukazama. Mizani ikasawazishwa ikiwa imezama, udongo ukapimwa ikiwa imeinuka.

Ushahidi ulikuwa mbele ya macho. Potasiamu-40 hukaa 1460.8 keV, kwangu ikawa 1462. Nikasema "si mbaya". Si mbaya! Kwenye 46.5 dirisha langu, yaani eneo la kuhesabia, lilikuwa la keV mbili tu, na kilele kikawa kimesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Programu yangu haikuuliza kilele kiko wapi, ilihesabu tu kilichomo dirishani. Miezi mitatu risasi-210 ikatoka pungufu, na nikaisifu ripoti.

Hayo yote yangerekebishika mchana mmoja. Kilichoniumiza ni kwamba mawimbi ghafi, yaani umbo la kila mpigo kabla ya kuchujwa, sikuyahifadhi. Injinia alisema yanajaza diski. Piga hesabu mwenyewe: sampuli 4,000 kwa mpigo, baiti 2 kila moja, ni kilobaiti 8. Kwa mipigo kumi kwa sekunde, siku nzima ni kama gigabaiti 7. Diski ya kawaida inabeba miezi! Sikuwa nayo, basi nikarudia kupima makopo 41 ya udongo, saa 24 kila moja, umeme ukikatika naanza upya. Mama watoto aliniuliza kama maabara ina mke wa pili. Nikamwambia yupo, na anatetemeka.

Huyo injinia nilipompigia akasema, "Kila maabara ina mazingira yake." Sijampigia tena, na sasa ninaandika maneno yake hapa ili usimpigie wewe.

Kwa hiyo kwanza hifadhi mawimbi ghafi, halafu ndiyo uchuje nakala, hata mara mia. Mtetemo wa kompresa ni wa polepole, ndani ya maikrosekunde 40 unaonekana kama mteremko tu. Basi pima mteremko kabla ya mpigo na baada yake, uutoe, mkia wa mpigo ubaki salama. Fupisha pia muda wa kupanda wa trapezoidi, lile umbo ambalo programu hulitumia kupima urefu wa mpigo. Kelele ya aina nyingine itaongezeka kidogo, mtetemo utapungua, na utajua mahali pa kusimama kwa kujaribu kwenye hayo mawimbi yaliyohifadhiwa. Ungekuwa huna, ungejaribu kwenye nini?

Lo, na weka mkono kwenye bomba la kompresa. Langu lilikuwa limeegemea ngao ya risasi. Kipande cha tairi la boda kikaondoa sehemu kubwa ya kelele, bila hesabu yoyote. Hilo nililigundua mwisho, usinicheke.

Uliuliza pia kuhusu europiamu-152 na ujazo wa kopo, na kitu kingine cha nne ambacho nimekisahau. Jenereta inakohoa hapa. Niandikie tena hiyo ya nne, ila uniambie kwanza diski yenu ina nafasi gani.