Sangria ya wageni ishirini: kipi kitangulie, kipi kisubiri

Swali: Mtaalamu, Jumamosi jioni ninatarajia wageni ishirini nyumbani kwangu Arusha, na ningependa kuwaandalia sangria, yaani mvinyo uliochanganywa na matunda, tangu Ijumaa usiku ili siku yenyewe nishughulike na chakula. Mara iliyopita nilichanganya kila kitu usiku, yakiwemo machungwa ya mviringo pamoja na maganda yake, ndizi, papai na soda. Kesho yake kinywaji kilikuwa kichungu, matunda yamevurugika kama uji na gesi imekwisha. Je, kweli inafaa kuandaliwa siku moja kabla?

Jibu: Inafaa, na ile iliyolala huwa bora kuliko iliyochanganywa papo hapo, kwa kuwa mvinyo huhitaji saa kadhaa ili ushike harufu ya matunda na viungo. Tatizo lako halikutokana na kuilaza, bali na vitu ulivyovilaza pamoja nayo.

Tuanze na uchungu. Ganda la chungwa lina ngozi ya nje yenye mafuta yanayonukia, na chini yake utando mweupe ambao ni mchungu. Kileo huuvuta uchungu huo taratibu, hivyo vile vipande vya mviringo vinavyopendeza machoni huharibu kinywaji vikikaa humo usiku kucha. Ijumaa usiku menya ngozi ya nje peke yake kwa kisu kikali, nyembamba kiasi kwamba ukiigeuza upande wa ndani usione weupe mwingi, uitie kwenye mvinyo. Vipande vya mviringo vya kupambia visubiri hadi wageni wanapobisha hodi. Sharubati ya machungwa nayo ina hila yake: baadhi ya machungwa hukamuliwa yakiwa matamu kabisa, lakini sharubati ikishakaa kwa saa chache, asidi ya tunda hufanya limonini itokee, nayo ni chungu mno. Kwa hiyo kamua Jumamosi mchana, bila kuponda mbegu.

Kwa wageni ishirini, chukua chupa 6 za mvinyo mwekundu za mililita 750, brandi mililita 300, shira mililita 300, sharubati mililita 900, na maji ya soda lita 1.5. Utapata lita 7.5, yaani glasi zipatazo 37 za mililita 200. Ikiwa mvinyo una kileo cha asilimia 13 na brandi asilimia 40, mchanganyiko utakuwa na asilimia 9 na kidogo kabla ya barafu, kiwango ambacho kingekubalika hata Ulaya, ambako sheria inataka sangria iwe na kileo kisichopungua asilimia 4.5 na kisichofika 12. (Sheria hiyohiyo imelihifadhi jina hilo kwa kinywaji kinachotengenezwa Hispania na Ureno, ila sebuleni kwako hakuna mkaguzi.)

Mvinyo wa bei kubwa ni hasara hapa. Chagua mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, mwepesi, usiokausha ulimi, kwa kuwa ubaridi huzidisha ukali wa tanini, ile kemikali ya mvinyo inayokausha ulimi. Mvinyo mkavu wa Dodoma unatosha. Usitumie mvinyo mtamu, maana utamu unaweza kuuongeza lakini huwezi kuupunguza. Kuhusu sukari, usiikoroge ikiwa kavu kwenye mvinyo baridi, kwani itatuama chini: yeyusha gramu 200 katika mililita 200 za maji ya moto, kisha uiache shira ipoe.

Ijumaa usiku, basi, changanya mvinyo, brandi, nusu ya shira, ngozi za machungwa, kijiti kimoja au viwili vya mdalasini, pamoja na matunda magumu: tufaha, peasi na nanasi lisiloiva kupita kiasi, yakatwe vipande vya sentimita 2 hivi na yazame kabisa. Karafuu siishauri, kwa sababu ikilala humo huimeza ladha nyingine zote. Tumia chombo cha kioo, cha chuma kisichoshika kutu, au ndoo safi ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, wala si sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi ya mvinyo huila alumini na kuacha ladha ya madini. Funika, weka ndani ya friji, na asubuhi utoe mdalasini na ngozi. Ndizi iache kabisa. Papai, embe bivu na tikiti maji vitiwe saa moja kabla ya kuandaa meza.

Jumamosi jioni tia sharubati, onja, ndipo uamue kama shira iliyobaki inahitajika. Soda isiingie ndooni. Jaza jagi sehemu nne za sangria, kisha umiminie polepole sehemu moja ya maji ya soda yaliyopoa sana, na barafu iwekwe kwenye glasi ya kila mgeni, maana ikiyeyukia ndooni wa mwisho kunywa atapata maji yenye rangi.

Kwa wasiotumia kileo chemsha rozela kwa mdalasini na sukari, uichuje na kuipoza. Rangi yake hukaribiana sana na ya sangria, kwa hiyo itie kwenye jagi la umbo tofauti, uiweke kwenye meza yake, na uwaambie wazazi mapema kwamba matunda ya ndoo ya mvinyo yamenyonya kileo na hayafai kwa watoto.